Boda Koli na Mluzi wa Mukai

Mukai alizaliwa Kitui akiwa na tabia ya kukusanya. Wapo wanaozaliwa na sauti nzuri, wapo wanaozaliwa na miguu ya mbio; yeye akiona vitu viwili vimekaa mbalimbali hapati raha mpaka vikae pamoja. Pale Soko la Toi, anapouza sweta za watoto za mitumba, husimama mbele ya meza yake na kutandaza mikono, na mtu aliyekuwa anajipitia kwenda kutafuta viatu hushtukia ameshika sweta ya njano asijue imemfikaje. Kanisani kwao, kijumba cha mabati kule Soweto West, mtaani Kibera, kiitwacho Zizi la Mwokozi, yeye ndiye kiongozi wa kwaya, na hakuna mwanakwaya aliyewahi kukosa mazoezi bila kugongewa mlango. Marehemu mumewe, Mutie, alizoea kuwaambia watu kwamba yeye hakuoa, alikusanywa.

Kwa hiyo alipopata mbwa wa tabia ileile, waliomfahamu walisema sawa, mwenye lake kapata wa kufanana naye.

Mbwa huyo aliletwa sokoni na Whitney, binti wa magorofani ng'ambo ya Ngong Road, aliyekuwa akinunulia wapwa zake sweta kwa Mukai. Whitney alikuwa amepata kazi nje ya nchi, na mbwa hakupata. Alikuwa mbwa mweusi mwenye kifua cheupe, na macho yake yalikuwa kama ya mwalimu wa zamu. Whitney alieleza kwamba ametoka kwenye shamba la kondoo huko Molo, ambako wachungaji walikuwa wakizungumza naye kwa mluzi tu, na kwamba tangu aje mjini kila mgeni anayekaribishwa sebuleni huishia jikoni, amesukumwa pole pole mpaka kwenye pembe ya friji. Akasema ni Border Collie. Akataja na jina lake, jina refu la kizungu ambalo lilimtoka Mukai kabla hajafunga meza jioni ile. Alichobaki nacho kichwani ni Boda Koli. Akaamua kwamba Boda ni jina la mbwa, na Koli ni la baba yake.

Sasa, kumwita mbwa Boda katika mtaa wa Kibera ni kujitafutia makubwa. Kuanzia alfajiri, anayetaka pikipiki husimama kando ya njia na kuita boda. Mwenye mzigo huita boda, aliyechelewa kazini huita boda, mgonjwa huita boda. Boda Koli, mbwa aliyelelewa vizuri, alisikia anaitwa siku nzima na watu asiowajua, na hakuona adabu kukataa.

Basi aliitika. Akifika alimkuta mtu amesimama peke yake, na jambo hilo lilimuumiza moyo kama lilivyomuumiza Mukai. Alizunguka nyuma ya mtu huyo, akainama mpaka tumbo likagusa vumbi, akamkazia macho, kisha akapiga hatua moja. Habweki, haumi. Lakini mtu alijikuta anatembea. Akijaribu kukata kushoto, mbwa yuko kushoto. Akijaribu kulia, mbwa amemtangulia. Mukai alikuwa akifungua mlango jioni na kukuta mama na mtoto waliokuwa wakienda kliniki, mwanamume wa suti aliyebeba kuku, na wanafunzi wawili wa chuo, wote wamesimama kwa adabu kama watu waliokuja kuposa. Ilibidi awapikie chai. Wengine walinunua sweta.

Mtu aliyeumia zaidi ni Victor, mwana pekee wa Mukai, ambaye ni mwendesha boda halisi, ana pikipiki na koti la kung'aa, na hukaa kwenye stendi karibu na reli. Siku moja alikuja kwa mamake amekunja uso.

"Mathe, hii dogi inanikulia soko," alisema. "Customer akiita boda, yeye ndiye anafika wa kwanza. Na hana hata helmet."

Mukai alicheka mpaka akashika ukuta. Watu walimshauri amfunge kamba, naye alikubali kwa mdomo, lakini moyo haukukubali. Alimpenda mbwa yule, na hakuona haya kusema. Tangu Mutie alipofariki na Victor kupanga kwake, Mukai alikuwa akikaa katika chumba kimoja na bado alikiona kikubwa. Sasa kila akiingia alikuta mtu wa kumkazia macho mpaka akae.

Mambo yaliharibika siku Boda alipomchunga Opondo.

Opondo alikuwa kareteka wa ploti, msimamizi wa vyumba vya kupanga alimokaa Mukai, mtu mnene mwenye heshima zake, na yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu nani anaishi pale na nani anahama. Asubuhi hiyo alitoka kwenda mkutanoni, akasimama mlangoni kwake akaita boda. Aliyekuja akawa na miguu minne. Opondo alijaribu kumfokea, lakini kufoka hakumtishi mbwa aliyezoea kondoo dume. Alisukumwa uani kinyumenyume mpaka kwenye bafu la mabati, ambamo tayari walikuwamo wapangaji wawili waliokusanywa mapema, na wote wawili walikuwa hawasemezani na Opondo. Wakasimama watatu ndani ya bafu la mtu mmoja, mmoja akiwa na sabuni masikioni, mpaka mtu alipokimbia Toi kumwita Mukai.

Opondo alipotoka hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Mukai.

"Mama Victor, mimi na wewe hatuna shida," alisema. "Lakini hiyo umbwa, Jumapili nisiipate hapa. Nikiipata, nyinyi wawili mtahama pamoja."

Akaongeza kwamba yeye si mtu mbaya, amekwisha kumtafutia makao. Kuna rafiki yake mwenye yadi ya vyuma chakavu huko Kawangware, anataka mbwa wa kufunga getini. Ili kurahisisha mambo alileta na mnyororo wenyewe, akauacha kizingitini. Mukai aliuinua. Ulikuwa mzito wa kumfunga fahali, na mfupi, wa kumwezesha mbwa kusimama na kulala tu. Alimtazama Boda, ambaye wakati huo alikuwa akikusanya ndala zote za ploti na kuziweka pamoja karibu na tangi la maji, akalia kidogo. Kisha akajipangusa, maana machozi hayahamishi mbwa.

Jumamosi ile Zizi la Mwokozi lilikuwa linafungua tawi jipya Kawangware, upande unaopakana na Riruta, na kwaya ya Soweto West ilialikwa kuimba. Uwanja wenyewe ulikuwa ubavuni mwa zizi la mbuzi la Nzuki, mtoto wa ami yake Mukai. Nzuki alifuga mbuzi pale na kuwauzia wenye bucha, na Mukai alikusudia kumwomba amchukue Boda. Mukai alivaa joho lake la kwaya la zambarau, akamfunga Boda kitambaa shingoni kumpa sura ya heshima, wakaondoka mapema kuliko wengine. Mnyororo aliutia kwenye kikapu chini ya kitabu cha nyimbo, kwa sababu kama Nzuki angekataa, yadi ya vyuma haikuwa mbali na pale, na hapakuwa na njia ya tatu.

Nzuki hakukataa, lakini hakukubali pia. Alisema mbuzi wake wamekuwa na tabia mbaya. Kila akiwafungulia kwenda kula majani ya kando ya barabara, huingia kwenye saluni za watu, na juzi mmoja alikula nywele za bandia za mteja akiwa bado amekaa kwenye kiti. Mbwa anayejua kazi angemfaa sana. Lakini mbwa wa kukaa tu na kutazama, alisema Nzuki, hana uwezo wa kumlisha, kwa sababu kazi hiyo ya kukaa na kutazama anaifanya yeye mwenyewe.

Akafungua zizi. Mbuzi wakatoka. Boda akajilaza tumbo chini, akakaza macho, na mwili wote ukaanza kumtetemeka. Mbuzi wakamtazama. Akawatazama. Ikawa hivyo.

Nzuki alimwambia nenda kwa Kiswahili, akamwambia kwa Kikamba, akapiga makofi, akamwonyesha mwenyewe kwa kukimbia mzunguko mmoja, na mbuzi wakamhurumia. Boda hakusogea. Ilionekana wazi kwamba anachotaka kufanya anakijua na kwamba anangoja kitu. Hapo Mukai akakumbuka maneno ya Whitney kuhusu wachungaji wa Molo. Akamwambia Nzuki apige mluzi.

Nzuki aliweka vidole mdomoni akapuliza. Bahati mbaya meno yake mawili ya mbele yaling'oka miaka mingi iliyopita alipogongwa na mkokoteni, na kupitia lile pengo ilitoka hewa na mate, sauti haikutoka hata kidogo. Mbuzi aliyekuwa karibu alifumba macho. Nzuki akafuta kidevu, akamgeukia binamu yake.

"Mukai, usijifanye," alisema. "Mwenye mluzi katika ukoo wetu ni wewe."

Ilikuwa kweli. Babake Mukai hakuwa na mtoto wa kiume aliyefikia umri wa kuchunga, kwa hiyo mbuzi walipewa Mukai, na Mukai alipotia vidole mdomoni walikuja mbuzi wa kwao, wa jirani, na wa ng'ambo ya bonde ambao hawakuwahusu. Nzuki, aliyekuwa mdogo wakati huo, alikuwa akija pia. Lakini susu wake, nyanya mkali mama ya babake, alisema mwanamke akipiga mluzi anaita nyoka, na asipokuja nyoka, atakuja mume mbaya. Akampaka pilipili vidoleni. Mukai alinyamaza, akakua, akampata Mutie aliyekuwa mume mwema, akaamini kwamba ni tuzo ya kunyamaza. Kumbe hata kwaya, hata sweta, hata kugongea watu milango, vyote vilikuwa ni mluzi uliokosa pa kutokea.

Na sasa mtu anamwambia apige, akiwa na joho, huku ng'ambo ya ua wanawake wa kanisa wanapanga viti. Mwenyekiti wao alikuwa Sella, mama mrefu wa maneno machache, ambaye aliwahi kumsimamisha msichana kwaya kwa kutafuna chingamu wakati wa pambio. Mukai alimnong'oneza Nzuki kwamba haiwezekani, labda ibada ikiisha na watu wakatawanyika. Nzuki akajibu, bila ubaya wowote, kwamba mwenye yadi hufunga saa sita mchana, kabla ya ibada kuisha. Mukai alisikia mnyororo ukilia ndani ya kikapu alipokishika.

Wakati huohuo, ng'ambo ya ua, ambako kwaya na wageni walikuwa wamekwisha kufika, fundi wa mitambo aliwasha spika.

Spika ilipiga yowe la ajabu. Mbuzi wa Nzuki, ambao tangu asubuhi walikuwa wanatafuta sababu, waliipata. Wakaruka ua wote kwa pamoja na kuingia ndani ya hema la ibada. Mchungaji wa kanisa, Pasta Oluoch, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, alikuwa amekwisha kushika maikrofoni ili kutangaza somo la siku, kutoka Mathayo, jinsi siku ya mwisho kondoo watawekwa kulia na mbuzi kushoto. Mbuzi waliingia wakajiweka kila mahali. Mmoja alipanda mimbari. Wawili walivamia kabichi za chakula cha wageni. Mwingine alikuwa akivuta joho la mwimbaji wa sauti ya tatu kutoka chini, na mwenye joho akilivuta kutoka juu. Sella alisimama juu ya kiti na sufuria mkononi, akilinda pilau kama mlinda lango. Na kwa upande wa barabara, mbuzi wanne walikuwa wameanza kwenda mbio kuelekea magari.

Mukai hakufikiri. Mkono ulipanda wenyewe, vidole viwili vikakaa mahali pao, ulimi ukajikunja, na miaka yote ile ikatoka kwa pumzi moja.

Wazee wa Riruta bado wanabishana kuhusu mluzi ule ulifika wapi. Ninachojua ni kwamba hema lilinyamaza, spika ilinyamaza, na Boda Koli aliruka ua kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la ubatizo.

Aliwazunguka wa barabarani kwanza, kwa mbali, bila pupa, akawageuza. Akaingia hemani kwa upande wa nyuma. Alikwenda kushoto, akalala, akaenda kulia, akanyanyuka; mbuzi wa mimbari akashuka, wa kabichi wakaacha kabichi. Mukai aliyaona yale akasikia furaha ya kitoto ikimpanda kooni. Mbwa yule hakuwa mtundu, wala hakuwa mkorofi. Alikuwa fundi aliyenyimwa kazi. Wote wakaanza kutembea kwa kundi moja kuelekea zizi la Nzuki, wametulia.

Nasema wote, kwa sababu Boda hakubagua. Palikuwa na mbuzi, na katikati ya mbuzi palikuwa na mpiga ngoma, sauti ya tatu nzima, Sella na sufuria yake, na Pasta Oluoch. Waliingia zizini mmoja baada ya mwingine. Boda akajilaza langoni. Pasta alitazama mbuzi aliyesimama kulia kwake, akatazama aliyesimama kushoto kwake, na kwa kuwa maikrofoni yake haikuwa na waya, uwanja mzima ulimsikia.

"Wapendwa," alisema, "lile somo letu tutaliweka kando kidogo."

Watu walitaka kucheka, ila walimtazama Sella kwanza. Sella hakuwa akicheka. Alijaribu kutoka, Boda akanyanyua kichwa, akarudi. Nzuki alimwita mbwa, mpiga ngoma akamwita, Pasta akamwita kwa jina la Yesu. Mbwa hakuondoka. Alikuwa akingoja amri ya pili, ile ya kusema kazi imekwisha, na mwenye kuitoa alikuwa mmoja tu.

Mluzi wa kwanza ungesamehewa. Mtu hushtuka, jambo likamtoka, akaombewa likaisha. Wa pili ulikuwa wa kukusudia, mchana kweupe, joho mwilini, kanisa lote likimtazama mdomo. Mukai alijifuta vidole kwenye joho. Alimsikia susu wake kabisa, kama yuko nyuma yake na pilipili. Alifikiria uongozi wa kwaya, akafikiria jinsi Sella atakavyotamka jina lake kwenye kikao cha akina mama. Kisha akamtazama Boda pale langoni, amelala tumbo chini, masikio yamesimama, na mara ya kwanza tangu aletwe mjini mwili wake hautetemeki.

Akatia vidole mdomoni akapiga mluzi mrefu, wa kushuka taratibu, ule aliokuwa akiwapigia mbuzi wa babake jua likizama.

Boda aliondoka langoni akaja kulala miguuni pake. Hakuna nyoka aliyekuja.

Sella alikuwa wa kwanza kutoka. Alitembea mpaka mbele ya Mukai, sufuria bado mkononi, pilau haijapungua hata punje.

"Mama Victor, huo mluzi umetoa wapi?" aliuliza.

"Ni wa Kitui, Mama Sella. Nilizaliwa nao."

Sella alifunika sufuria. Aliyejibu ni Pasta, aliyekuwa akijikung'uta majani. Alisema kwamba hata yeye anaitwa mchungaji na katika miaka yake yote hajawahi kuingiza watu wengi zizini kwa muda mfupi hivyo, kwa hiyo hana la kusema. Kwaya ikaimba, ingawa sauti ya tatu ilinuka mbuzi mpaka mwisho.

Nzuki aliukubali mzigo kabla hajaombwa. Walipatana hivi: Boda atakuwa anakwenda kwa Nzuki siku ambazo mbuzi wanatoka, na Victor ndiye atakayempeleka kwa pikipiki, na Mukai atafika siku hizo kupiga mluzi, kwa kuwa Nzuki bado anatoa mate. Mbwa anayechoka kwa kazi yake hana haja ya kazi ya wengine. Siku za kukaa Soweto West, Boda hulala mlangoni kama gunia. Watu huita boda, sikio moja huinuka, likashuka. Opondo alikuja Jumapili ile kukagua, akamruka mara mbili kwa makusudi, akaona hachungwi, akaenda zake. Inasemekana alikasirika kidogo. Mnyororo wake alirudishiwa, na sasa anafungia tangi la maji.

Kikao cha akina mama kilikuja, Mukai akaenda amejiandaa kuvuliwa joho. Sella alizungumzia usafi wa vitambaa vya meza, akafunga kwa sala.

Jioni ileile mlango wa Mukai uligongwa. Alikuwa Sella, peke yake, amejifunika leso mpaka kwenye nyusi kama mtu anayekwenda kwa mganga. Alikaa, akanywa chai, akauliza habari za Victor, akasifu sweta. Akamtazama mbwa. Akatazama mlango kuhakikisha umefungwa. Kisha akanyoosha mikono yake yote miwili mbele ya Mukai, vidole vimeachana.

"Hebu niambie," alinong'ona. "Unaweka viwili, ama vinne?"

Mukai alimwonyesha. Sella akavuta pumzi, akapuliza kwa nguvu zake zote, na ikatoka hewa tupu na chai kidogo. Boda akafungua jicho moja, akasogea, akaanza kungoja.